Nani Kasema Dawa ya Jino ni Kung'oa? Akili Mnemba na Ushahidi wa Kutetea Afya ya Kinywa Kwenye Kata Zetu

*Hii ni mada niliyoitoa kwenye darasa la vijana wa chama ngazi ya wilaya. Wengi mliomba maandishi yake. Nimeyaacha karibu kama nilivyozungumza, ila maswali na majibu nimeyaondoa.*



Nimepewa dakika 40 nizungumzie namna ya kutumia akili mnemba kutafuta ushahidi wa hoja za kisera. Ningeweza kuchukua mfano wa barabara, umeme au mikopo ya vyuo vikuu, mambo ambayo tunayasema kila siku mpaka yanatutoka mdomoni bila kufikiri. Nimechagua meno. Naona kuna watu wameanza kucheka. Chekeni tu, mkicheka ndiyo nayaona vizuri.

Nina sababu mbili. Ya kwanza, huu ni ugonjwa wa watu wengi sana ambao hauna msemaji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema karibu watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Kati yao, bilioni 2 hivi wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Watu watatu katika kila wanne wenye matatizo haya wanaishi kwenye nchi za kipato cha kati, lile kundi ambalo tulishangilia kuingizwa na Benki ya Dunia mwaka 2020. Sababu ya pili, kwenye meno hakuna anayejifanya anajua tayari. Kwenye barabara kila mtu ana namba zake za kijiweni. Kwenye meno itabidi utafute, na kutafuta ndiko tulikokuja kujifunza leo.

Msemo uliogeuka kuwa sera

Sote tumekua tukisikia kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Sisi wapinzani tunaupenda sana huo msemo, kwa sababu zetu tunazozijua. Lakini mbali na majukwaa, hebu tuuangalie ulivyo kule hospitali.

Mama yuko kijijini, jino linauma wiki ya pili sasa. Anafika zahanati, anapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Nauli ya bodaboda inasubiri mpaka auze kuku. Anapofika, jino limeshachimbika mpaka kwenye mshipa. Hata kama tabibu wa meno yupo na ana moyo wa kazi, vifaa alivyonavyo ni ganzi na koleo. Basi jino linang'olewa. Mwaka unaofuata, jirani yake naye. Ukiuliza kwa nini hawazibi, utaambiwa hakuna umeme wa uhakika, mashine imeharibika, au kiti kinasubiri fundi kutoka mkoani. Ukiuliza tena utaambiwa wananchi wenyewe wanapenda kung'oa.

Hapo ndipo mpinzani mvivu anaruka jukwaani na kusema, "Serikali imeshindwa, hata meno!" Watu watapiga makofi, wataenda nyumbani, na jino litaendelea kuuma. Tunamhitaji mpinzani anayeuliza swali moja la ziada: je, inawezekana kuziba jino mahali pasipo na umeme wala mashine? Na kama inawezekana, nani ameshafanya, wapi, na matokeo yake yalikuwaje? Kwa swali hilo, akili mnemba inaweza kukufupishia safari ya miezi.

Swali lako ndilo litakalokuangusha au kukuinua

Wengi wetu tukifungua hizi programu, iwe ChatGPT, Gemini, Claude au nyingine, tunaandika hivi: "Nipe ushahidi kwamba serikali haijali afya ya meno." Ukiandika hivyo utapewa. Hizi programu zina tabia ya kumpendeza muulizaji, na mtu wa chama tawala akiuliza ushahidi kwamba serikali inajali, naye atapewa aya tano nzuri tu. Mkikutana kwenye mdahalo, kila mmoja atakuwa ameshika kioo cha uso wake mwenyewe.

Watafiti wa tiba wana namna yao ya kuuliza, na haihitaji shahada. Ina vipande vinne. Unamzungumzia nani? Unataka afanyiwe nini? Unalinganisha na nini? Unapima matokeo gani? Kwa hiyo swali letu linakuwa hivi: kwa watoto na watu wazima wanaoishi vijijini, kuziba jino kwa vifaa vya mkono bila mashine, ukilinganisha na kuziba kwa mashine au kung'oa, kunaokoa jino kwa muda gani? Kisha unaongeza maagizo matatu: nitajie tafiti zenyewe, majina ya waandishi na mwaka; nitenganishie zilizofanyika Afrika; na nionyeshe tafiti zinazopingana na ninachotaka kusikia.

Agizo la tatu ndilo kubwa. Lisipite hivi hivi, nitalirudia.

Ulichoficha kabatini kwako

Ukiuliza hivyo, unakutana na jambo ambalo kila kijana wa Kitanzania alipaswa kulijua. Mbinu ya kuziba meno bila mashine, ambayo duniani inafahamika kwa kifupi kama ART, ilianzia hapa hapa Tanzania.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Wataalamu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken ambaye jina lake ndilo linalotajwa zaidi, walikuwa wanatafuta namna ya kutibu watu wa vijijini ambako mashine haifiki, na ikifika haina umeme. Wakaanza kuondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake, halafu wanaziba tundu kwa simenti inayoshika kwenye jino. Hakuna kelele ya mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mgonjwa anaweza kulazwa juu ya meza ya darasani. Mwaka 1991 mbinu hiyo ikaingizwa kwenye majaribio makubwa Thailand, baadaye Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote.

Simenti inayotumika sasa inaitwa glasi ayonoma, nayo huachia floraidi kidogo kidogo ndani ya jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na ile dawa ya maji ya fedha na floraidi ambayo hupakwa kwenye jino linalooza ili lisiendelee kuoza. Orodha hiyo ni ya vitu ambavyo mfumo wa afya unaofanya kazi unatakiwa uwe navyo muda wote, kwa bei ambayo jamii inaimudu.

Makamanda, tafakarini hapo. Mbinu imezaliwa kwetu, imekwenda Thailand, imepigiwa debe dunia nzima, halafu mama yule kule kijijini anaambiwa hakuna namna kwa sababu mashine imeharibika. Hoja hii ina nguvu kuliko tusi lolote utakalomrushia waziri. Na huwezi kuipata kwa kupayuka.

Tafuta ushahidi unaokupinga

Sasa nalirudia lile agizo la tatu. Ukiomba tafiti zinazopinga, utapata mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017. Cochrane ni mtandao wa watafiti wanaokusanya majaribio yote kuhusu tiba fulani na kuyapima kwa pamoja. Mapitio yale yalisema kwamba kwenye meno ya utotoni, kuziba kwa ART kwa kutumia glasi ayonoma huenda kukawa na hatari kubwa zaidi ya kijazio kushindwa kuliko kuziba kwa njia ya kawaida, ingawa wenyewe walisema ushahidi huo una uzito mdogo. Tafiti nyingine zinaonyesha kwamba tundu lililo upande mmoja tu wa jino likizibwa hivi hudumu vizuri, bali tundu linaloshika pande mbili au zaidi kijazio chake huanguka mapema.

Je, ulifiche hilo? Hapana, kamanda. Ukilificha wewe, mganga mkuu wa wilaya atalitoa mbele ya baraza la madiwani, na utabaki umekodoa macho. Litaje mwenyewe, halafu uliza swali linalofuata: walikuwa wanalinganisha na nini? Walilinganisha na kuziba kwa mashine. Kwenye kata yetu mashine haipo. Kinachofanyika kwetu ni kung'oa, na jino lililong'olewa halina kijazio cha kudumu hata siku moja. Kwa hiyo ushahidi ule haukuangushi. Unakufundisha kudai kwa kipimo: ART kwa matundu madogo kwenye vituo vya afya, na rufaa ya kweli kwa matundu makubwa. Mtaalamu akikusikia unaongea hivyo atakaa chini akusikilize, hata kama kadi yake ni ya kijani.

Hata ile dawa ya fedha na floraidi, mtaje na upande wake wa pili. Jaribio lililofanyika kwenye shule za msingi za New York na kuchapishwa mwaka 2023 lilionyesha kwamba kuipaka kulizuia meno kuoza sawasawa na njia iliyozoeleka ya kufunika mashimo ya meno. Ni rahisi, na hupakwa kwa dakika chache. Lakini sehemu iliyooza inabadilika kuwa nyeusi moja kwa moja. Mzazi asipoambiwa mapema, siku mtoto akirudi nyumbani na jino jeusi hadithi itakayozunguka kijijini mtaishindwa.

Jibu la Marekani kwenye maji ya Meru

Kuna mtego ambao nataka mwondoke nao kichwani. Iulize programu yoyote, "Njia gani ya bei nafuu ya kuzuia meno kuoza kwenye jamii nzima?" Kuna uwezekano mkubwa ikakuletea, tena mapema, kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba. Siyo uongo. Mji wa Grand Rapids, Michigan, ulianza mwaka 1945, na miji mingi ya Marekani ikafuata.

Sasa chukua jibu hilo uende nalo Arumeru, au sehemu za Kilimanjaro, Manyara na Singida. Kule, kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, shida ya maji ni floraidi kuzidi. Ndiyo yale meno ya kahawia ambayo watu wa mikoa mingine wanawatania wenzetu, kumbe ni athari ya maji waliyokunywa utotoni. Ikizidi sana inapinda hadi mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tulikuwa na kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kikashushwa mpaka 4, kwa sababu vyanzo salama vilikuwa haba. Pale Ngurdoto serikali yenyewe iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kijana wa chama akisimama Usa River na kudai floraidi iongezwe kwenye maji, kwa sababu tu simu ilimwambia, atakuwa amekizika chama pale pale. Programu hizi zimesoma zaidi maandishi ya Ulaya na Marekani. Zinaijua Michigan kuliko zinavyoijua Meru. Kwa hiyo kila jibu liulize: huu ushahidi ni wa watu wanaokula nini, wanaokunywa maji gani, wenye daktari umbali gani?

Ndivyo ilivyo hata kwa imani zetu. Iulize kuhusu "meno ya nailoni" kwa Kiingereza cha jumla, inaweza isikuelewe. Lakini sisi tunajua: mtoto mchanga anaharisha na ana homa, mtu anaona fizi nyeupe, anasema ni meno ya nailoni, na fizi zinachokonolewa mpaka vichipukizi vya meno vinatolewa. Watafiti waliandika juu ya hili hapa Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtoto anaweza kufa kwa damu na maambukizi, wakati kuhara kwake kulihitaji maji ya chumvichumvi na matibabu ya kawaida. Mpango wa afya ya kinywa usiolitaja hilo umeandikwa na mtu asiyetujua.

Inapotunga, inatunga kwa sauti ya profesa

Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Majina ya kesi yalikuwepo, namba zilikuwepo, na nukuu zilikuwepo. Kesi zenyewe hazikuwahi kuwepo duniani. Kama mawakili wa New York wamenaswa, sisi na bando letu la wiki tusijione wajanja.

Kwa hiyo kila utafiti unaoletewa, upitishe kwenye milango mitatu. Mlango wa kwanza: upo? Nakili kichwa cha makala, kitafute PubMed, maktaba ya bure yenye muhtasari wa makala za tiba zaidi ya milioni 35. Usipouona huko wala kwenye jarida linalotajwa, utupe, hata kama unakupendeza. Mlango wa pili: unasema hivyo kweli? Fungua muhtasari usome mwenyewe. Kiingereza kikigoma, hapo itumie programu ikutafsirie aya moja moja, uilinganishe na kilichoandikwa. Mlango wa tatu: unawahusu watu kama wetu? Hilo tumeshalizungumza kule Meru.

Utafiti ukipita milango yote mitatu, uandike kwenye daftari la pamoja la kata: kichwa, mwaka, nchi, unasema nini, udhaifu wake nini. Makala tano zilizopita milango zinashinda hamsini ambazo hakuna aliyezifungua.

Meno ya tembo

Tukija kwenye nyaraka za kwetu, kazi ni nyingine. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinatoka kila mwaka na kuwekwa wazi zikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili. Hotuba za bajeti za Wizara ya Afya zipo. Kumbukumbu za majadiliano ya Bunge zipo. Ni maelfu ya kurasa, na hakuna mtu mwenye kazi na familia atakayezimaliza. Hapo akili mnemba ni punda mzuri. Unampa faili, unamwambia anionyeshe kila sehemu inayozungumzia huduma za kinywa na meno, na anitajie namba ya ukurasa. Asipotaja ukurasa, msimwamini. Akitaja, fungua ukurasa huo mwenyewe.

Lakini mwelekeze vizuri. Ukitafuta neno "meno" peke yake kwenye kumbukumbu za Bunge, utaletewa meno ya tembo, halafu utaletewa wabunge wanaolalamika kwamba taasisi fulani haina meno. Tafuta "kinywa", "tabibu wa meno", "kiti cha meno", "vifaa vya meno". Na ukikuta ripoti ya kurasa mia mbili inayoitaja afya ya kinywa kwa mstari mmoja, mstari huo mmoja nao ni ushahidi. Mwaka 2001 nchi za Afrika ziliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tunaikumbusha serikali ahadi hiyo kila mwaka, na tuendelee. Lakini ndani ya fungu la afya pia kuna watoto wa kambo, na kinywa ni mmoja wao.

Namba ambayo haipo kwenye intaneti

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta. Ushahidi muhimu kuliko wote kwa kata yako haupo kwenye intaneti. Hakuna programu itakayokuletea, kwa sababu hakuna aliyeupandisha. Upo kwenye rejesta za MTUHA, kwenye shubaka la kituo chako cha afya.

Nataka kila kata itafute namba mbili: kwa miezi 12 iliyopita, meno mangapi yaling'olewa, na mangapi yalizibwa. Basi. Ukiziweka namba hizo pamoja, unapata picha ambayo hata bibi asiyejua kusoma anaielewa. Kituo kinachong'oa meno hamsini kwa kila moja kinachoziba, sitaji kituo chochote, natoa mfano tu, ni kituo ambacho msemo umegeuka kuwa sera.

Namna ya kuzipata ni ya kisheria kabisa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na inaipa taasisi siku 30 za kujibu. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu. Omba jumla tu. Ongeza maswali manne: kuna tabibu wa meno? Kuna kiti, na kinafanya kazi? Simenti ya kuzibia iliisha lini? Na kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, huduma ya kinywa imetengewa shilingi ngapi? Weka barua mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Barua tunaiandika wenyewe. Programu ikusaidie kunyoosha lugha, lakini jina na saini ni vyako.

Tahadhari tatu, nazitaja haraka.

Moja, usipige picha rejesta, usipakie kwenye programu yoyote jina, simu au picha ya kinywa cha mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mwananchi aliyekuamini na aibu yake hastahili kuikuta mtandaoni.

Mbili, mnakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliyofanya watu waogope hata kutaja namba. Vile vifungu vikali vililegezwa mwaka 2019, lakini nidhamu ibaki. Sema "haya ni majibu ya halmashauri kwa barua yetu ya tarehe fulani", au "haya ni majibu ya kaya tulizotembelea, tulizihesabu hivi". Usikipe kitu cha kata moja jina la taifa.

Tatu, sisi si madaktari na simu si daktari. Mtu akikuonyesha uso uliovimba kwa sababu ya jino, ana homa, kumeza kunamshinda au anapumua kwa shida, acha dodoso. Mtafutie usafiri afike hospitali saa hiyo hiyo. Uvimbe wa jino unaoshuka shingoni unaua.

Tunadai nini?

Hoja bila dai ni malalamiko. Kutokana na ushahidi tulioupitisha kwenye milango mitatu, napendekeza madai matatu, yote ya ukubwa ambao diwani mmoja anaweza kuyasimamia.

La kwanza, kila kituo cha afya chenye tabibu wa meno kiwe na vifaa vya mkono vya ART na simenti ya kutosha mwaka mzima, na tabibu apewe mafunzo ya kuitumia. Halihitaji jengo jipya wala jenereta.

La pili, kupiga mswaki shuleni kwa dawa yenye floraidi, kwa usimamizi wa mwalimu, kuanzia madarasa ya awali. Uskoti walifanya hivyo kwenye shule za chekechea kupitia mpango wao wa Childsmile, na gharama za kutibu meno ya watoto wadogo zikashuka sana. Mkisema Uskoti ni matajiri, sawa, tazameni Ufilipino: mpango wao wa shule umeunganisha kunawa mikono, kupiga mswaki kila siku na dawa za minyoo mara mbili kwa mwaka, vitu vitatu rahisi vinavyosimamiwa na walimu. Kwenye maeneo yenye floraidi nyingi, watoto wadogo watumie dawa kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele, na wafundishwe kutema. Na hapo dai la maji salama linatangulia.

La tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Tuulize kwa maandishi: kwenye kitita cha msingi, mwananchi analipiwa kuziba jino, au analipiwa kung'oa tu? Bima inayolipia kung'oa peke yake imeandika ule msemo kwenye karatasi ya serikali.

Kuna atakayesema tukiyapeleka haya halmashauri yatatekelezwa na chama tawala na wao ndio watapiga picha. Wapige. Mama aliyebaki na jino lake atajua nani aliandika barua, na asipojua, jino atabaki nalo. Tukisubiri mpaka tushike dola ndipo tuanze kujua idadi ya meno yanayong'olewa kwenye kata zetu, tutaingia ofisini mikono mitupu kama waliotangulia.

Kwa hiyo kabla hatujaachana, kila kata ichague watu wawili: mmoja wa kusoma, mmoja wa kupeleka barua. Barua ziwe zimepokelewa na halmashauri ndani ya wiki mbili. Siku ya 31 tukutane hapa hapa, kila mmoja na jibu lake au na barua yake yenye muhuri isiyojibiwa. Zote mbili zinafaa.

Karibuni maswali, na walioanza kucheka mwanzoni ndio waanze kuuliza.